Kitenzambali cha Lola Tikya

Jumatatu saa kumi alasiri, saa ambayo Rosenda wa kwenye tamthilia alikuwa akutane na mama yake mzazi baada ya miezi saba ya vilio, Lola Tikya alikaa mbele ya runinga akatazama mlima. Ulikuwa mlima mzuri, wenye theluji kileleni na ng'ombe wawili chini. Lola alidhani ni tangazo la maziwa, akasubiri liishe. Mlima ukaondoka, likaja ziwa. Ziwa likaondoka, likaja daraja. Baada ya daraja ukarudi mlima na ng'ombe wake walewale. Saa kumi na moja na nusu binti yake Ising aliporudi kutoka sokoni alimkuta mama yake, ajuza wa miaka themanini na saba, amekaa wima, mikono mapajani, machozi yakimtiririka.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi. Rosenda amempata mama yake, na mimi nimekaa hapa nachunga ng'ombe."

Mwenye ng'ombe hao, picha za kompyuta zinazozunguka inapokosa wa kuiamrisha, alikuwa mume wa Ising, ambaye saa ile hakuwa nyumbani. Jina lake la kwenye vyeti ni Restituto, lakini hapo Sibulan, mji wao wa kisiwani, kila aliyekuwa mdogo kwake alimwita Nong Tuto. Wakubwa kwake walikwisha pungua, na waliobaki walimwita Tuto tu. Naye aliwaita wadogo zake Dong wakiwa wanaume na Day wakiwa wanawake, kama mtaa mzima ulivyomwita mama mkwe wake Lola, yaani bibi. Alikuwa karani wa mita katika chama cha umeme kwa miaka thelathini na mmoja, na ujanani alisoma ufundi wa redio na runinga katika darasa la jioni. Cheti cha darasa hilo kilitundikwa juu ya jokofu, mahali pa juu kidogo kuliko picha ya harusi. Alipostaafu, wenzake walinunua majogoo ya kupiganisha. Yeye alinunua kompyuta yenye ukubwa wa kopo la biskuti, akaiunganisha na runinga na spika nne, akatia humo filamu zote, nyimbo zote, vituo vyote, na picha zote za watoto wao watatu walioko ng'ambo.

"Sebule yangu," aliwaambia wageni, "sasa inafikiri."

Ubaya wa sebule inayofikiri ni kwamba lazima awepo wa kuijibu. Ili Rosenda atokee, ilibidi uchukue rimoti ya runinga uiambie isikilize kompyuta, uchukue rimoti ya spika uiamshe spika, ubonyeze kibodi kompyuta izinduke, ushike kipanya uchague picha ya antena, halafu ndipo uchukue rimoti nyeusi utafute kituo. Tuto alifanya hayo yote kwa kufumba na kufumbua, kama padri na vyombo vya misa. Wengine nyumbani walibaki waumini.

Tena hakupenda neno rimoti. Aliliona la mitaani. Yeye alisema kitenzambali, na aliyesema rimoti mbele yake alirekebishwa papo hapo, hata kama ni mgeni na bado amesimama mlangoni.

Jumatatu hiyo Lola Tikya hakula chakula cha jioni. Aliomba simu, akampigia mwanawe wa kiume, Mel, anayeishi Bais.

"Ijumaa uje unichukue," alisema. "Ndiyo, na godoro langu. Kwako runinga ina vitufe vingapi? Kimoja chekundu? Basi, nakuja kufia kwako."

Tuto aliyasikia hayo akiwa na kijiko mkononi. Alimgeukia mkewe akitarajia acheke. Ising hakucheka.

"Mama akienda, nami naenda," alisema. "Dawa zake nani atampa? Mke wa Mel hata mbuzi wake hamkumbuki mpaka alie."

"Utaniacha peke yangu, Ising?"

"Peke yako vipi? Si sebule inafikiri?"

Palikuwa na watu watatu tu katika nyumba ile. Tuto alipiga hesabu ya kutoa, ingawa haikuhitaji darasa la jioni, akaweka kijiko chini. Akasimama. Alikuwa na tabia ya kusimama anapotaka kusema jambo kubwa.

"Mama," alisema, "kabla ya saa kumi ya Ijumaa, utaifungua tamthilia yako wewe mwenyewe, bila msaada wa mtu, kwa kitenzambali kimoja. Kimoja tu!"

"Ki-nini?"

"Rimoti, Mama."

"Sasa si ungesema rimoti tangu mwanzo. Miaka thelathini na minane uko kwenye familia hii, bado unazungumza kama risiti."

Mtu mwingine angekwenda dukani kununua rimoti. Tuto alianzisha uchunguzi. Alichora jedwali lenye safu za Idadi ya Vitufe, Umbali, Maisha ya Betri, na ya mwisho, aliyoibuni mwenyewe na kuionea fahari, Tabia ya Mtumiaji. Akafungua mtandao akasoma mabishano ya wanaume wa nchi za mbali, ambao kwa miaka kumi na mmoja walikuwa wakigombana juu ya jambo hilohilo na kutukaniana rimoti kama watu wanaotukaniana mama. Katika kurasa mia mbili na zaidi, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mkewe ameridhika. Hilo Tuto hakuliona. Yeye alinakili vipimo.

Jumanne alirudi kutoka mjini Dumaguete na rimoti moja nene kama sandali, yenye vitufe hamsini na kimoja, iliyoahidi kutawala kila chombo chenye umeme. Alishinda nayo mezani tangu saa nne asubuhi hadi saa tisa, akiifundisha lugha ya runinga, lugha ya spika na lugha ya kompyuta. Alipokwenda kunawa uso, Ising aliichukua akaivisha nailoni, akaikaza kwa mpira nyuma, kama alivyovisha rimoti zote zilizowahi kuingia humo ndani. Kwao, rimoti isiyo na nailoni ilikuwa kama mtoto aliyetoka nje bila kaptula.

"Ising! Vitufe havishikiki vizuri ndani ya nailoni!"

"Na mafuta ya samaki yakiingia je? Utailamba wewe?"

Lola alipewa. Akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Tuto alimwonyesha kitufe cha kubonyeza, cha kijani, mstari wa tatu. Lola akabonyeza. Nailoni ikateleza, kidole kikakanyaga vitatu kwa mpigo. Spika zikanguruma, runinga ikawa nyeusi, na kutoka ng'ambo ya dirisha, nyumba ya pili, iliyotenganishwa na yao kwa nafasi ya kupita kuku mmoja, sauti ya mwanamke ikapaa.

"Nong Tuto! Nani kanizimia ndondi? Raundi ya tisa! Raundi ya tisa, mtu wangu kashamlegeza mwenzie!"

Alikuwa jirani yao Dolor.

"Samahani, Day!" Tuto alijibu. "Ni majaribio ya kitaalamu!"

"Kajaribieni kwa padri!"

Lola alibonyeza tena, kwa makusudi safari hii. Ndondi zikarudi kwa Dolor. Kwao ukabaki weusi.

"Hii ni nzuri," alisema Lola. "Inafanya kazi. Mpelekeeni Dolor."

Jumatano ilikuwa zamu ya kipanya cha hewani. Hiki kilikuwa kijiti chepesi chenye vitufe vitano tu. Unakielekeza kwenye runinga, kishale kinafuata mkono wako, unabonyeza. Tuto alikijaribu akaona ni chepesi kama kupungia mtu mkono. Katika safu ya Tabia ya Mtumiaji aliandika: *Hufaa hata kwa mtoto.*

"Mama, elekeza kwenye picha ya antena."

Lola alishika kijiti mapajani, akaitazama picha ya antena, akabinua midomo kuielekea.

"Elekeza, Mama."

"Nimeelekeza."

"Kwa mkono."

Lola akashangaa. Tangu azaliwe hakuwahi kukinyooshea kitu kidole ilhali ana midomo. Kidole ni cha polisi na mwalimu. Alibinua tena, mbele zaidi, kidevu kikapanda, nyusi zikapanda, na kishale kwenye runinga kikabaki kimelala pembeni pale pale.

"Haioni?" aliuliza.

"Haiangalii midomo, Mama. Inaangalia kijiti."

"Basi nikiweke wapi?"

Akakiweka mdomoni, kati ya midomo, kama mtu ashikaye sigara kubwa, akabinua. Lazima isemwe kwamba kishale kilisogea. Kilisogea mpaka picha ya antena, kikatetemeka juu yake, kikapita, kikarudi. Ila kwa kuwa kitufe nacho kilikuwa kwenye kijiti, na kijiti kiko mdomoni, hapakuwa na wa kubonyeza. Ising alianguka kitini kwa kicheko. Lola mwenyewe alicheka hadi kijiti kikaanguka sakafuni na kifuniko cha betri kikaruka. Tuto peke yake hakucheka. Alikuwa amepita mlango wa chumba cha Lola asubuhi ile, akaona kapu. Ndani ya kapu palikuwa na sanamu ya Mtoto Mtakatifu imezungushiwa taulo, na kipepeo cha ukindu, na mwavuli wake wa Jumapili.

Si kwamba alimpenda mama mkwe wake kwa maneno. Kwa miaka thelathini na minane walikuwa wakipigana vijembe, na aghalabu aliyeshindwa ni yeye. Lakini alipokuwa kijana, karani wa chini, akitoka kazini na kupitiliza darasani, aliporudi alikuta sahani ya wali wa mahindi imefunikwa na Lola ameketi karibu nayo akijifanya anatafuta sindano. Hakusema pole. Alisema, "Fundi amefika," na akaenda kulala. Hakuna mwalimu aliyewahi kumwita Tuto fundi kabla yake, na cheti kilikuja baada ya miaka miwili.

Alhamisi alikwenda tena Dumaguete, katika duka la Marivel, mwanamke mwenye kucha za zambarau aliyeuza kila kitu kinachochomekwa.

"Nong, mbona unarudi kila siku? Mke kakufukuza?"

"Bado," alisema Tuto. "Nataka kitenzambali ambacho mtu hahitaji kukishika, wala kukielekeza, wala kukibonyeza."

"Aa, Nong, siku hizi nani anabonyeza? Watu wanasema tu, kinatii." Akampa kidude cha duara, kikubwa kama andazi, chenye taa ya buluu inayozunguka. "Kinasikia hata ukiwa chooni."

Tuto alirudi nyumbani amekishika kifuani kama komunyo. Alikiweka juu ya kabati, akakiunganisha na kompyuta, akamketisha Lola.

"Mama, hapa hamna nailoni, hamna kijiti. Sema tu unachotaka."

Lola alikitazama kidude, akakisafishia koo.

"Nanihii," alisema.

Taa ya buluu ikazunguka, ikafikiri, kisha kidude kikajibu kwa Kiingereza cha adabu sana.

"Kinasemaje?"

"Kinasema hakijaelewa, Mama."

"Kiziwi?"

"Kinataka utaje jina la kitu."

"Si nimetaja? Nanihii!"

Na kwa Lola alikuwa ametaja. Katika kisiwa kile neno hilo, ambalo wao hulitamka *kuan*, ndiyo nguzo ya lugha. Ni jina la kitu, ni jina la mtu, ni kitendo, ni tusi, ni sala iliyosahauliwa katikati. Mtu aweza kumwambia mwenzake, "Hebu mnanihii yule nanihii kabla hajananihii," na mwenzake akainuka akaenda akafanya barabara. Neno lenyewe ni nusu. Nusu nyingine ni midomo, na saa ya siku, na jambo lililotokea juzi. Tuto alilisema hilo neno kila siku kama wengine, ila katika barua hakulitumia.

Alijaribu kumfundisha Lola kusema "fungua kituo cha saba" kwa Kiingereza. Lola alisema kwa nguvu zake zote, na kidude kikamletea namna ya kupika kondoo. Akasema tena. Kikamsomea hali ya hewa ya mji ulio na baridi kali.

"Maskini," alisema Lola, akiwahurumia watu wa mji ule.

Usiku ule, kabla ya kulala, Tuto alikaa na daftari. Kama mashine haijui neno, basi ifundishwe. Akaanza kuorodhesha nanihii za Lola, kila moja na maana yake.

*Nanihii, midomo kushoto, mchana: feni.*
*Nanihii, midomo kushoto, jioni: fungeni dirisha, Dolor anakaanga samaki mkavu.*
*Nanihii, macho yamefumbwa: dawa ya goti.*
*Nanihii, kwa kuvuta: mmeisahau siku ya kufa kwa baba yenu.*
*Nanihii, mara mbili haraka: meno.*

Alifika arobaini na tatu bila kuinua kalamu, na bado nyingine zilikuwa zikija. Alisoma orodha akaona haina faida kwa mashine, kwa sababu mashine haina macho, na nusu ya aliyoyaandika ilikuwa midomo. Hakuona kingine chochote katika orodha ile. Alikuwa mtu mwerevu, na mwerevu huchelewa kuona kilicho mbele ya pua.

Ijumaa alfajiri ikamjia fikra, akaketi kitandani. Lola anasema neno moja? Basi mashine ijue neno moja! Akainuka akaandika amri ndani ya kompyuta: likisikika neno *nanihii*, fungua kituo cha saba, likisikika tena, funga. Akasimama katikati ya sebule, akasema, "Nanihii." Runinga ikawaka, spika zikaamka, kituo cha saba kikatokea, mtu akitangaza sabuni. Akasema, "Nanihii." Kikazimika. Tuto aliutazama ukuta wa cheti chake na machozi yakamlenga.

Saa tisa Mel akafika na kigari chake kidogo cha mizigo, kamba na turubali vimekunjwa nyuma. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa amelipa kisasi bila hata kugombana, kwani miaka yote Tuto alimwita mbele za watu "Dong Mel wetu asiyependa vitabu". Aliuchukua mkono wa mama yake akaugusisha kwenye paji la uso, akaweka mezani budbud, vipande vya wali mtamu wa kunata vilivyofungwa katika majani ya mgomba.

"Nong Tuto! Nasikia runinga yako imekuwa profesa."

"Kaa, Dong. Baada ya saa moja utarudi Bais na kigari chako kitupu."

"Aa, Nong, dau gani?"

"Dau ni mama yako," alisema Ising kutoka jikoni.

Saa kumi kasoro dakika moja Lola aliketishwa kitini. Kapu lilikuwa mlangoni. Tuto akasimama pembeni, mikono nyuma.

"Mama, sasa. Sema kama unavyosema siku zote."

"Niseme nini?"

"Lile neno lako."

Lola akabinua midomo kuielekea runinga. "Nanihii."

Runinga ikawaka. Muziki wa tamthilia ukajaa sebule, na Rosenda, ambaye kumbe hata Jumatatu hakumpata mama yake, akatokea akikimbia mvuani. Ising alipiga makofi. Mel alitoa macho. Lola alikishika kifua chake kwa mkono mmoja.

"Tuto," alisema, "nakuombea. Sasa, Ising, nipe ile nanihii ya mgongoni."

Rosenda akazimika.

"Imekuwaje?" Lola aliuliza.

"Umesema neno, Mama. Sema tena."

"Nanihii."

Rosenda akarudi, akafungua mlango, akamkuta mwanamke amempa kisogo.

"Huyo ni nani?" Mel alisema akiketi. "Ni yule nanihii?"

Giza.

"Mel!"

"Nimefanya nini?"

"Usiseme hilo neno, Dong!"

"Neno gani? Nanihii?"

Rosenda alirudi, amekwisha piga magoti na haikujulikana kwa nini.

"Mmenikosesha hapo katikati!" Lola alilia. "Kwa nini amepiga magoti? Ising, kwa nini yule... yule nanihii..."

Giza tena. Kutoka dirishani Dolor, ambaye alikuwa akiangalia tamthilia hiyohiyo na kusikiliza ya kwao kwa wakati mmoja, akaona awasaidie. "Lola! Amepiga magoti kwa sababu ya ile nanihii ya sanduku! Ile nanihii aliyoificha shangazi!"

Runinga iliwaka na kuzimika ndani ya pumzi moja.

"Msiseme nanihii!" Tuto alipiga kelele, na runinga ikawaka. "Nasema mtu yeyote asiseme tena nanihii!" Ikazimika. Alitazama huku na huku kama mtu aliyeingiliwa na nyuki. Katika maisha yake yote hakuwahi kugundua jinsi neno lile lilivyotanda nyumbani mwake; lilikuwa kwenye kila pumzi, kila jibu, kila kicheko. Alikuwa ameipa mashine ufunguo wa mlango ambao familia nzima hupita kutwa kucha.

Mel alikuwa akicheka hadi amejiinamia. Lakini Lola alishika viegemeo vya kiti, akaanza kuinuka.

"Twende, Mel," alisema kwa sauti ndogo. "Huko kuna kitufe kimoja."

Tuto akalifikia kabati kwa hatua mbili, akaung'oa waya wa kidude, taa ya buluu ikafa. Akaburuta kigoda akaketi miguuni pa mama mkwe wake, kibodi mapajani, rimoti tatu kulia na moja kushoto, na mikono yake ikaanza kwenda. Sekunde nne. Rosenda akatokea, uso umelowa, na yule mwanamke akaanza kugeuka.

"Nanihii," alisema Lola, nusu amesimama.

Tuto akaongeza sauti kwa ngazi tatu. Lola akaketi.

"Nanihii."

Akaongeza mwangaza wa runinga, kwa sababu midomo ilikuwa imeelekea dirishani na jua lilikuwa likigonga kioo. Kisha Lola akabinua midomo nyuma ya bega lake, kuelekea popote.

"Mel, nanihii."

Mel aliruka kwa upendo. Akaleta glasi ya maji. Lola akatikisa kichwa. Akaleta kipepeo cha ukindu. Akaleta budbud. Akaleta, kwa kukata tamaa, picha ya marehemu baba yao. Tuto, bila kuyaondoa macho kwenye runinga, alinyoosha mkono chini ya meza, akavuta mto mdogo wa maua, akaupenyeza nyuma ya kiuno cha Lola.

Lola alishusha pumzi. Wakatazama mpaka mwisho. Mama wa Rosenda alikuwa yule mpika maandazi, jambo ambalo Dolor alidai alilijua tangu mwezi wa pili. Tangazo lilipoingia, Lola alimgeukia mwanawe.

"Mel, mwanangu. Kwako nani anajua nanihii yangu?"

"Tutajifunza, Mama."

"Nina miaka themanini na saba. Mtajifunza lini?"

Mel alijikuna kisogo, akamtazama Tuto pale chini kwenye kigoda, katikati ya rimoti zake. Alikula budbud mbili, akalibeba kapu mwenyewe akalirudisha chumbani, akamtoa Mtoto Mtakatifu kwenye taulo. Alipoondoka, turubali na kamba vilikuwa vimekunjwa vilevile.

"Nong," alisema akiwa ndani ya gari, "hongera. Mama amepata rimoti."

"Kitenzambali," alisema Tuto.

Wiki iliyofuata Nong Porping, katibu wa chama cha wastaafu, alisimama getini saa kumi kasoro robo. Chama kilitaka kumchagua Tuto mwenyekiti, cheo alichokitamani tangu siku aliyostaafu, na mikutano yao ilikuwa kila Jumanne na Alhamisi saa kumi alasiri.

"Sitaweza," alisema Tuto. "Saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, Jumatatu hadi Ijumaa, nina majukumu ya kiufundi."

"Majukumu gani, Nong?"

"Mfumo wa sebule. Ni mfumo mpya. Mama hashiki chochote, habonyezi chochote. Unatii sauti."

Porping, ambaye nyumbani kwake alikuwa na rimoti moja isiyo na betri, alitikisa kichwa kwa heshima. "Sauti! Na mtu anaweza kuwa mbali?"

"Mita thelathini," alisema Tuto, akijinyoosha. "Hata ukutani inapita."

"Tuto!" sauti ya kizee ilipenya kutoka ndani. "Nanihii!"

"Umeona?" alisema Tuto, na kabla Porping hajafunga mdomo alikwisha kuvua viatu mlangoni, akaingia mbio.